Monitrisi na Mikate ya Kisangani

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Monitrisi alikuwa akifunga mlango wake, akitazama mawingu juu ya mtaa wetu wa Kabondo, kisha akichagua upande. Mawingu yakiwa meusi upande wa mto, alikwenda Mangobo. Yakiwa mepesi, alishuka hadi kivukoni, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda Lubunga. Hakuwa na ndugu huko wala kitu cha kuuza. Alikuwa akienda kula mikate.

Neno hili nalieleza mapema, maana nikilisema mbele ya watu wa pwani wananielewa vibaya. Kwetu Kisangani mikate ni madonge ya unga ulioumuka, yanayokaangwa kwenye mafuta mpaka yawe na rangi ya udongo, jamaa za maandazi na kalimati. Mkate wa tanuri, ule mrefu wa kukatwa kwa kisu, tunauita mampa. Monitrisi alikula vyote viwili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mikate.

Jina lake la ubatizo nilikuja kuliona siku moja kwenye karatasi. Sitaliandika, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwalimu wa fwaye, nyumba ile ambamo Wabelgiji waliwafundisha wake za makarani kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto na kuoka. Mwalimu wa kike wa huko aliitwa monitrisi. Walikuwapo wengine mjini, lakini mtaani kwetu neno hilo lilikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya uhuru, nikiwa bi arusi wa karani wa posta, kisha nikawa jirani yake, ua kwa ua, kwa miaka mingi.

Hakuwa akiuma mkate. Aliupasua kwa vidole gumba, akaunusa, akatazama matundu ya ndani kama mtu anayesoma barua. Halafu alisugua kipande nyuma ya kiganja chake. Kikiacha alama ya kung'aa, basi mafuta hayakupata moto wa kutosha. Ndipo alipokula. Mkate ukiwa mbaya alisema, mbele ya wateja, bila kupandisha sauti: "Mama, mafuta yako imechoka. Uliikaangia samaki?" Ukiwa mzuri hakusema kitu. Alinyoosha tu mkono kuchukua wa pili. Wanawake wa mikate, tangu bandarini mpaka Tshopo karibu na maporomoko, waliungoja mkono ule, na walioukosa waliumia wiki nzima.

Muuzaji mmoja wa bandarini alimtukana kwa Kilingala, matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa. Monitrisi alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja mwavuli wake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi. Mafuta yalikuwa mapya. Akala minne, akasimama, akaenda zake. Wanawake hao wawili hawakusalimiana hata siku moja maishani mwao, lakini kila Monitrisi alipotokea kona ya ghala, yule mama alikuwa tayari ameshatenga minne ya juu, ile iliyopasuka vizuri.

"Ukitaka kujua mutaa," alituambia darasani, "usiulize chifu. Uliza mafuta." Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na mengine hayakuwa na maana kubwa. Alisema unga ni wa Mungu lakini chumvi ni ya mtu. Alisema mwanamke anayepiga unga huku akilia anapata mikate mizuri kuliko yule anayepiga huku akisema. Alimwambia padri wa parokia, baada ya misa ya kwanza, kwamba mwili wa Bwana ulistahili kuwekewa chumvi kidogo. Padri alikuwa Mbelgiji mzee. Akamuuliza kama chumvi itaharibu kitu. Walizungumza nusu saa kwenye ngazi za kanisa, sisi tukiwangoja kwenye jua.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alitufundisha kwamba mke wa karani hali chakula njiani, tena hali akiwa amesimama. Nilimwona mara ngapi amesimama chini ya paa la soko, blauzi yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko! Alitufundisha kupima unga kwa mizani, gramu kwa gramu, naye akawadharau wote waliopima. Na kubwa kuliko yote: hakujua kukaanga.

Jambo hili tulilijua wachache. Pale fwaye alisimama na fimbo yake nyembamba, akaonyesha, na mikono yetu ndiyo iliyofanya kazi. Siku moja nilipitia uani kwake kuazima ungo, nikamkuta ameinamia sufuria. Mikate yake ilikuwa midogo, myeusi nje, mibichi ndani. Aliitupia bata. Bata mmoja alichukua, akaenda nao hatua tatu, akauacha.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Monitrisi."

"Bon. Sasa funga kinywa."

Nikafunga. Nadhani urafiki wetu, kama ulikuwa urafiki, ulianzia hapo.

Safari zake hazikuishia mjini. Mara moja alisikia kwamba kule Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mpishi wa wataalamu anakaanga mikate ya ndizi mbivu isiyotiwa hata chembe ya ngano. Akaomba ruhusa kazini, akapanda boti, akashinda siku nzima mtoni juu ya magunia ya mchele. Alipofika, mpishi alikuwa ameshahamia Bumba. Alilala kwa shemeji ya mtu, akarudi kesho yake. Tulimuuliza amekula nini. "Nimekula safari," akasema, na hakuonekana kuwa na kinyongo.

Kisha kuna duka la Mgiriki. Lilikuwa katikati ya mji, Makiso, tanuri lake kubwa nyuma na meza ya vioo mbele. Kabla ya uhuru sisi weusi tulinunua mampa kwenye dirisha la ubavuni. Za mbele, zile keki ndogo zenye malai, tuliziona kwa kupita. Wiki ile ya uhuru, wakati watu wengine walikuwa wakicheza ngoma barabarani, Monitrisi alivaa viatu vyake vya misa, akaingia kwa mlango wa mbele, akaonyesha keki moja kwa kidole. Mgiriki alimpa. Akaipasua palepale, akanusa, akala nusu. Nusu nyingine akairudisha mezani.

"Njo hii mulikuwa munatukataza?" akauliza; njo kwetu ni ndiyo.

Mgiriki, ambaye alizaliwa karibu na mto huu huu na aliongea Kiswahili kama sisi, alicheka mpaka akafuta macho. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea. Alikuwa akimpa mampa iliyotoka tanurini na kungoja hukumu.

Uhuru haukumbadilisha sana. Mkubwa wake wa kizungu aliondoka na boti ya kwanza, naye akapewa funguo za fwaye. Akafuta somo la kupanga uma na visu, akaacha mengine kama yalivyokuwa. Jumamosi zake ziliendelea. Kituo chake cha mwisho, akirudi nyumbani jioni kabla ya giza, kilikuwa daima kwa Veronika.

Veronika alikaa upande wa pili wa Monitrisi. Yaani Monitrisi alikuwa kati yetu, mimi mkono wa kulia, yeye wa kushoto. Mumewe alikuwa karani wa mahakama, mtu mpole mwenye miwani, aliyezoea kusoma gazeti kwa sauti ili mkewe asikie huku akikaanga. Veronika alikaangia mlangoni, akauzia majirani. Monitrisi alikaa kwenye kigoda chake akala mikate sita, wakati mwingine saba, wakizungumza habari za watoto. Sikumbuki kumsikia akiisema mikate ile kwa wema wala kwa ubaya. Nilidhani ni heshima ya ujirani.

Halafu, miaka minne baada ya uhuru, ukaja uasi.

Walioishi Kisangani mwaka ule hawahitaji kuelezwa, na wasioishi sijui niwaelezeje. Waliingia vijana wenye majani kichwani na ngozi za wanyama kiunoni, waliopakwa maji ya dawa ili risasi isiwapate. Askari wa serikali wakakimbia. Siku za kwanza watu walishangilia, hata mimi nilishangilia, kwa maana uhuru ulikuwa umetuletea maneno mengi na chakula kidogo. Kisha wakaanza kuwatafuta watu wa kalamu. Karani, mwalimu, mtu wa mahakama, mtu wa posta: aliyeshika karatasi za serikali alihesabiwa kuwa adui. Walichukuliwa majumbani, wakapelekwa mjini mbele ya umati. Wachache walirudi. Mume wangu alipanda darini. Nilimpelekea chakula kwa kamba, ndani ya kikapu, nikawaambia watoto kwamba baba yao ameenda Bafwasende.

Monitrisi naye alikuwa mtu wa karatasi. Walikuja kumchukua saa nne asubuhi, vijana wawili na mkuki mmoja. Alitoka na mwavuli wake. Nilitazama kupitia tundu la ua, nikasema moyoni kwamba sitamwona tena.

Alirudi kabla ya saa sita. Aliyoyakuta huko alinisimulia mwenyewe, na baadaye mama mmoja aliyekuwa akifagia pale alinisimulia vilevile. Walimpeleka dukani kwa Mgiriki. Mgiriki hakuwapo, alikuwa amekusanywa pamoja na wageni wengine wa mji. Kwenye meza ya vioo alikaa komanda, mtu mnene wa Maniema, mwenye kofia ya chui.

"Weye njo mwalimu wa mampa?"

"Njo miye."

"Vizuri. Tanuri iko. Unga iko. Mugiriki haiko. Batoto yangu inataka mampa, tangu kesho, kila siku."

Angeweza kusema kwamba hajui kuoka. Alinieleza kwamba alilifikiria neno hilo, akaliona linakuja mpaka ulimini, akalimeza. Akasema: "Miye peke yangu siwezi. Minaomba batu."

"Bangapi?"

"Kumi."

Komanda akafikiri. Dawa yao ilikuwa na masharti mengi, na mojawapo lilikuwa kutopokea kitu mkononi mwa mwanamke. "Bamama kenda," akasema, "na mwanaume mumoja. Huyo njo atachochea moto, njo atatupatia mampa mukononi. Mumoja tu. Leta majina leo jioni. Kila mutu atapata barua ya muhuri, hakuna atakayemugusa, yeye mwenyewe tu. Lakini mampa ikiwa mubaya, utajibu weye."

Nilipomwona amerudi nilichemsha ndizi, nikampelekea. Sikwenda kuomba kitu. Sikujua bado kulikuwa na kitu cha kuomba. Nilimkuta mezani na daftari la shule. Alinisimulia, huku akiandika majina ya wanawake, na kila jina alilitaja pamoja na mikate yake. "Yule wa bandarini, mwenye matusi: mafuta yake haina kasoro. Yule wa Lubunga: anajua kuumua na pombe ya mchikichi. Mama Zaituni wa vitumbua: mukono wake mwepesi." Mama Zaituni alikuwa mjane wa Kiislamu, wa zile familia za kale za wafanyabiashara, aliyetengeneza vitumbua vya mchele kwa chachu yake mwenyewe. Nilielewa kwamba Jumamosi zote zile alikuwa ameuweka mji mzima kichwani.

Alipofika mwisho akainua kalamu.

"Mume wako iko wapi?"

"Iko juu, darini."

"Anajua kupasua kuni?"

"Hajui, Monitrisi."

"Atajua," akasema. Nikaondoka nikilia, hata sikumshukuru.

Mchana, kama saa nane, Veronika alikuja. Habari zilikuwa zimeshaenea. Nilikuwa nafua uani, na ua wetu ulikuwa wa mafito tu, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Monitrisi, nakuomba. Niandike miye na papa wa batoto. Iko chini ya kitanda siku ya tano leo. Anakohoa. Watamusikia."

Monitrisi akasema, kwa sauti ileile ya sokoni: "Veronika, mikate yako iko mibaya."

"Unasema nini?"

"Iko mizito. Unga haupigwi vizuri. Komanda akikula ile, atatuua sisi wote. Siwezi."

Nilisikia tu ndara zikivuta mchanga, polepole, kuelekea mlango wa kushoto. Nilisuuza nguo zangu. Naandika haya kama yalivyokuwa: nilimhurumia, na nilifurahi kwamba mimi sikuhitaji kujua kukaanga.

Tanuri liliwashwa siku iliyofuata. Kwa sababu ya amri ya kutotoka nje giza likiingia, kazi ilifanyika mchana. Monitrisi hakugusa unga hata mara moja. Alipita kati ya wanawake kenda, akipasua, akinusa, akisugua nyuma ya kiganja. Hamira ya Mgiriki ilikwisha wiki ya kwanza. Mama wa Lubunga akaleta pombe ya mchikichi kwa kuumulia, Mama Zaituni akasema hatatia mkono wake kwenye pombe hata akichinjwa. Walibishana mbele ya vijana wenye mikuki. Mwishowe Monitrisi aliamua: nusu ya siku mampa ya pombe, nusu ya siku mampa ya chachu ya mchele, na kila mama kwenye beseni lake. Komanda alikula ya kwanza, akala ya pili, akauliza nani ameitengeneza.

"Mama ya batu," akajibu Monitrisi, yaani mama wa watu tu, bila kutaja jina. Komanda akacheka, na wote wakapumua.

Mume wangu alipasua kuni. Siku ya tatu viganja vyake vilikuwa damu tupu. Alipokuwa akikabidhi kikapu cha mampa, kijana mmoja wa zamu alimshika kifundo cha mkono, akakigeuza juu.

"Hii mikono ni ya kalamu," akasema.

Mimi sikuwapo, mume wangu ndiye aliyenieleza. Anasema Monitrisi alitoka nyuma ya tanuri, akasimama mbali kidogo kwa ajili ya dawa yao, akaanza kufoka. "Ya kalamu? Ingekuwa ya kalamu ingekuwa na akili! Nimemwambia afunge gunia mikononi, hasikii. Muvivu tangu azaliwe, mama yake alilia juu yake mpaka akafa. Mutuletee mwingine, tafazali! Huyu mumuchukue, mutuletee mwenye nguvu!" Kijana alimtazama, akamtazama mume wangu, akaangua kicheko. "Baki naye, mama," akasema, akaachia mkono.

Mama mkwe wangu alikuwa hai wakati huo, mzima kabisa, huko Isangi.

Mume wa Veronika walimkuta wiki ya tatu. Kilikuwa kikohozi, kama alivyosema mkewe. Walimtoa mchana, akiwa na soksi bila viatu, na miwani wakaikanyaga mlangoni. Veronika aliwafuata mpaka daraja, wakamrudisha kwa fimbo. Hakurudi mumewe. Hatukupata hata mahali pa kumzika.

Tangu siku hiyo Veronika hakukaanga. Sufuria lake kubwa aliliweka chini ya mchirizi wa maji ya paa, likawa la kutekea mvua. Uasi ulipokwisha, kwa ndege na risasi na siku kadhaa za kulala sakafuni, kila mtu alianza tena kutafuta maisha. Wauzaji wa mikate walirudi pembeni mwa barabara kabla ya askari kumaliza kuondoka. Veronika hakurudi. Alihamia Mangobo kwa dada yake, akauza chumvi na sabuni mlangoni. Nilimwona sokoni mara chache. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto. Kwa Monitrisi alikuwa akigeuza uso mpaka apite.

Wengi walimlaumu Monitrisi kwa jambo hilo. Walisema ulimi wake umeua mtu. Walisema: mwanamke gani anapima uhai wa jirani kwa mikate? Hakujitetea. Fwaye ilifungwa. Jumamosi aliendelea kutembea kwa miaka miwili mitatu, lakini hakusema tena kasoro ya mkate wa mtu. Aliupasua, akanusa, akala, akaondoka, na wauzaji hawakuweza kujua. Ilikuwa kana kwamba wamepata mteja wa kawaida. Baadaye miguu ikavimba, naye akahamia Yangambi kwa mdogo wake aliyekuwa akitunza mashamba ya kituo.

Miaka ikapita, mingi. Mji ulibadilisha jina kwenye ramani, fedha zikabadilika, vijana wakaanza kubeba watu kwa baiskeli wakaziita toleka. Mume wangu alistaafu posta. Siku moja tulimwona Monitrisi amesimama mlangoni kwetu, ameshikwa mkono na mpwa wake. Alikuja kutibiwa macho hospitali. Alikaa kwetu siku nne. Alikuwa amepungua, lakini blauzi ilikuwa nyeupe na pasi ilikuwa ileile.

Siku ya tatu, Jumatano, aliniambia: "Nipeleke kwa Veronika."

"Hatakupokea, Monitrisi."

"Sijakuuliza hiyo."

Tulichukua toleka mbili mpaka Mangobo. Veronika alikuwa ameketi nyuma ya kimeza chake, kitenge begani, nywele nyeupe. Alimtambua mara moja. Hakugeuza uso safari hii. Nadhani kwa sababu ya yale macho ya Monitrisi yenye ukungu.

Monitrisi alisimama mbele ya kimeza, akiegemea mwavuli. "Veronika," akasema, "ile siku nilikudanganya. Mikate yako haikuwa mibaya."

Veronika aliinama, akapanga upya sabuni zake.

"Ilikuwa mizuri. Nilikuwa nakula sita, saba. Kabondo nzima hakukuwa na mingine kama ile."

"Nilizani ulikula kwa heshima ya jirani," akasema Veronika. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii nilizani ni unga. Nilizani sikupiga unga vizuri, na papa wa batoto akakufa sababu ya mikono yangu. Sijatia mukono mu unga tena. Hata harusi ya binti yangu, nilinunua."

"Najua. Waliniambia. Sikufikiri itakuwa hivyo."

"Alors kwa nini ulisema?"

"Komanda alinipa nafasi ya mwanaume mumoja. Mumoja tu. Kulikuwa na wako, na kulikuwa na wa huyu." Akanionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. "Ningekuambia kweli, ungemuchukia huyu, na mulikuwa munaishi mahali pamoja, watoto yenu inacheza pamoja. Nikasema, bora anichukie miye."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikiamini kwamba mume wangu alipona kwa sababu mikate ya Veronika ilikuwa mizito. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nafasi ilikuwa moja kati ya wawili. Wala sikuwahi kuuliza. Na masharti ya komanda nilisimuliwa siku ileile, mezani, nikiwa na bakuli la ndizi mkononi. Ningeweza kuhesabu.

"Na kwa nini wake?" akauliza Veronika. "Kwa nini si wangu?"

Monitrisi alitafuta jibu. Nilimwona akilitafuta, kinywa wazi kidogo, kama mtu anayeonja.

"Yeye alikuja asubuhi," akasema. "Weye ulikuja mchana."

Baiskeli zilipita. Mtu mmoja alikuja kununua sabuni, akaona nyuso zetu, akaondoka.

Veronika aligeuka, akanitazama. Hakukuwa na ukali machoni mwake. Alikuwa akinitazama tu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba aliyokuwa akisikia habari zake.

"Bwana yako iko muzima?" akaniuliza.

"Iko."

"Ameota mvi?"

"Zote," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Aliingia ndani, tukasikia akisogeza vitu, akatoka na kiti kimoja. Akakipangusa kwa pindo la kitenge chake, akamshika Monitrisi mkono, akamkalisha. Kisha akaketi karibu naye nyuma ya kimeza, wakaanza kuulizana habari za macho, na hospitali, na bei ya boti ya Yangambi. Walizungumza kama saa moja. Mimi nilibaki nimesimama mpaka tulipoondoka.